Barua Isiyokuwa na Salamu

Kambi ya samaki, Mto Tanana, Alaska
Juni 13, 1993

Mpwa wangu Arleta,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mbu. Sisi hatujambo, ila goti la mkaza mjomba wako Bessie, ambalo huuma siku ya kupasua samaki tu. Siku ya kucheza bingo halina neno. Barafu iliondoka mtoni mapema mwaka huu, ikabomoa kingo, ikachukua choo cha Gideon kizima kizima. Kimeonekana huko chini kimekaa juu ya magogo, mlango wazi, na kila mtu anamuuliza Gideon kama alikuwa ndani. Amekasirika. Safi sana, watani ni wa kukasirishwa.

Wewe je? Hiyo meli yenu ya abiria bado haijazama kwa uzito wa mikate yako? Wape salamu wenzako wa jikoni, hata yule Delbert unayesema anaweka sukari kwenye kila kitu.

Sasa nije kwenye jambo. Karamu ya kumwondolea mama yako matanga tumeiweka mwisho wa Oktoba. Ukoo wa Gideon ndio waliomchimbia kaburi na kumtengenezea sanduku, kwa hiyo ndio tutakaowalisha na kuwapa mablanketi. Mablanketi Bessie ameyashona. Nyama ndiyo kazi. Unajua mnyama mwenyewe hatumtaji kabla ya kumwinda. Nitasema tu kwamba Septemba nitatembea kidogo ng'ambo ya mto, kwenye vinamasi vya ardhi ya wanajeshi, kuangalia hali ya hewa. Dada yangu alikuwa mmoja, na karamu yake bila yule wa pembe pana ni chai ya kanisani tu. Siwezi kumfanyia hivyo.

Siku hizi kwenda ng'ambo mpaka kibali. Nikaenda kwao, wakanikalisha mbele ya filamu. Sajini mmoja, Pruitt, uso kama hajaanza kunyoa, ananiambia, "Babu, ukiona chuma chochote huko, usiokote." Aniambie mimi! Mimi niliyelelewa na bibi aliyepikia kwenye debe la mafuta ya ndege miaka yote! Nikasinzia. Kibali nikapata.

Samaki wanaingia vizuri. Wavu umetulia kuliko mwaka wowote, maana nimepata nanga mpya. Ni chuma kizito nilichokiokota kwenye kokoto za ng'ambo baada ya barafu kupita. Utadhani kilitengenezwa kwa kazi hiyo: kina mkia wa mapezi, kamba ikikaa hapo haichomoki. Kabla ya kukizamisha nilikigongea vigingi vya hema. Chuma cha maana kabisa.

Nakutumia samaki wakavu. Usimpe Delbert, atawatia sukari.

Mjomba wako,
Titus


Juneau, bandarini
Julai 2, 1993

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Samaki wamefika, nimewala juu ya sitaha nikiwa peke yangu na nimelia kidogo, maana wamekatwa vile vile alivyokuwa anakata mama. Mwambie mkaza mjomba ahsante. Goti lake nalipa pole, na bingo naipa hongera. Choo cha Gideon nimewasimulia jikoni wote, wamecheka mpaka uji ukaungua.

Mimi ni mzima. Abiria ni wengi, wanapiga picha nyangumi na kulalamika chai. Nimeomba likizo ya Oktoba na nimepewa. Nitakuja, mvua inyeshe isinyeshe.

Kuhusu kutembea kwako ng'ambo sisemi kitu, maana nimelelewa vizuri. Lakini kuna jambo linanisumbua. Unakumbuka bibi alivyotufundisha kwamba baya halitajwi kwa mdomo, ukilitaja umeliita? Basi silitaji. Nasema tu kwamba kile chuma chenye mapezi hakinipendezi. Moyo umekikataa tangu niliposoma. Kitoe, Mjomba. Ukipata barua hii vuta wavu, kifungue, ukakitupe mbali na watu. Yako mawe mengi tu mtoni ya kufanyia nanga.

Wasalimie wote, mmoja mmoja, na mbwa pia.

Mpwa wako,
Arleta


Ketchikan
Julai 6, 1993

MJOMBA, USIGUSE KILE CHUMA.

Usikitoe kama nilivyokuandikia. Nilikosea. Kile ni bomu. Naliandika hivyo hivyo na bibi anisamehe: ni bomu la mota, lile la kurushwa kwa mzinga. Walilirusha wanajeshi kwenye mazoezi, halikulipuka siku ile, na linaweza kulipuka leo. Delbert alikuwa mwanajeshi. Nilipomweleza mapezi aliniomba nirudie. Nilipomwambia kwamba nimekuandikia ulivute ukalitupe, aliangusha sinia zima la mikate.

Anasema kukaa majini hakuliui. Kutu hailiui. Kwamba uliligongea vigingi na uko hai, anasema hiyo ni bahati na isijaribiwe tena. Usivute wavu. Usikate kamba. Usilisogeze hata kidogo. Samaki waliomo waache waoze. Ondokeni wote hapo, wafungeni mbwa, funga kitambaa chekundu ufukweni panapoonekana kwa mbali, na mtu aende kuwaambia wanajeshi mahali penyewe.

Simu ya duka la Ambrose nimeipiga tangu asubuhi. Imekufa, wanasema moto wa msituni umekula nguzo. Wanajeshi nimewapigia, wanasema mto wote umejaa moshi, watakuja ukipungua, na hawajui kambi yako iko kona ipi. Barua ya kwanza imeshaondoka. Nimekwenda posta kuiomba, imeshaondoka.

Mjomba, tafadhali.

Arleta


Kijijini
Julai 27, 1993

Mpwa wangu Arleta,

Salamu kutoka kwangu, kutoka kwa Bessie, goti lake, na mbwa. Moshi umepungua. Moto ulikula mlima mzima wa matunda ya bluu, kwa hiyo mwaka huu mkate tutaukaanga tu, jemu hakuna. Simu ya Ambrose imefufuka, ila mimi simu siiwezi, naona kama naongea na kisima.

Barua zako zote mbili zilifika siku moja. Ndege ya barua haikutua karibu wiki tatu kwa moshi, ilipotua Ambrose akaleta mfuko mpaka kambini kwa boti. Mimi barua nazisoma kwa utaratibu, ya zamani kwanza, na chai. Nilisoma ya kwanza. Nikasema mtoto ana haki ya kuwa na moyo wake, nikavaa buti. Bessie akafungua ya pili. Mimi nilikuwa hapo hapo karibu na boti. Basi hatukugusa kitu, tukafanya ulivyosema, na Ambrose akawahi kijijini kuita wanajeshi.

Walikuja kesho yake asubuhi, na unadhani nani amekaa mbele ya boti? Sajini Pruitt. Nikamwonyesha kona, nikamweleza mapezi, nikamwambia na habari za vigingi. Aliketi chini kabisa, kwenye matope. "Babu," akasema, "nilikwambia usiokote." Nikamjibu, "Filamu yako ni ndefu, mwanangu, nililala." Hakucheka. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka wenzake walipomwita.

Walitupeleka mbali nyuma ya kilima, wakalilipua pale pale lilipo. Arleta, nimesikia ngurumo nyingi na nimesikia barafu ikipasuka, lakini ule mlio ulitikisa ardhi chini ya buti zangu. Maji yalipanda juu ya miti. Wavu wangu uko matawini vipande vipande, ufuko umebaki shimo, na pale ndipo watoto wa Ambrose huoga. Tulisimama tukiangalia lile shimo, hata Gideon amevua kofia.

Ahsante, mwanangu. Nimeandika na kufuta mara nyingi, hakuna neno lingine. Ahsante.

Mjomba wako,
Titus

Arleta, ni mimi Bessie, nimeinyakua karatasi kabla hajaifunga. Usimsikilize na "karibu na boti" yake. Alikuwa majini tayari, ndani ya boti, kamba ameishika mkononi anaanza kuvuta. Barua yako haikuwa na salamu nikajua kuna msiba. Nilipiga ukelele mpaka goti likapona. Mungu akubariki wewe na huyo Delbert wa sukari.


Kijijini
Septemba 19, 1993

Mpwa wangu,

Salamu. Hatujambo. Nilitembea ng'ambo, nimerudi. Theluji imeanza kuonekana milimani. Kuhusu karamu, pengine tutumie samaki.

Titus


Sitka
Septemba 28, 1993

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba shikamoo. Delbert anawasalimu na anauliza kama mbwa walifungwa kweli.

Sasa nikuulize na mimi. Mjomba, tangu nizaliwe hujawahi kuniandikia barua fupi vile. Hata ulipoumwa meno uliandika kurasa tatu, na mbili zilikuwa za jino. Choo cha Gideon umeshaacha kukitaja. Halafu "pengine tutumie samaki", na wavu wako uko juu ya miti. Samaki gani?

Kama hukupata kitu, si wewe wa kwanza. Lakini wewe ukikosa hujifichi, unatulalamikia upepo mpaka tunachoka. Hapa kuna jambo. Mwaka huu nimejifunza kwamba tukizungushazungusha maneno watu wanaweza kufa. Nilikuzungushia barua moja na nusura nikuue. Tafadhali usinizungushie.

Kumetokea nini ng'ambo?

Arleta wako


Kijijini
Oktoba 8, 1993

Arleta,

Bessie anakusalimu. Haya, nitasema.

Nilikaa kwenye kinamasi kile cha mashariki, upande ulioruhusiwa kwenye ramani ya kibali. Mchana akatoka. Dume, pembe kama milango miwili ya banda. Nikamwambia moyoni kwamba dada yangu anakuhitaji, akasimama akanigeuzia ubavu, unajua wanavyofanya wakikubali. Nikapiga risasi. Ilimpata vizuri, lakini hakuanguka pale. Alikimbia kuvuka mabango mekundu ya wanajeshi, yale yasemayo usipite, akaangukia upande wa pili. Si mbali. Nilisikia pumzi yake ya mwisho.

Nikafuata mpaka kwenye mabango. Sasa najua cha kutazama, jicho linakwenda lenyewe. Ndani ya ukoka, kati yangu na yeye, kuna mkia wa mapezi. Na mwingine. Na kitu cha mviringo kimefukiwa nusu, kutu tupu.

Wewe umelelewa na sisi, kwa hiyo nisikueleze sana. Mnyama amejitoa, umemuua, halafu unamwacha aoze? Hakuna mwiko mkubwa kuliko huo. Baba yangu alitembea siku mbili na mguu umevunjika ili asiiache nyama. Na hii ilikuwa nyama ya Hannah, dada yangu wa tumbo moja. Nilisimama pale mpaka kunguru wakaja. Mguu mmoja niliuinua, Arleta. Nakwambia kweli, niliuinua uvuke.

Halafu nikaona maandishi yako, yale makubwa, USIGUSE. Nikaurudisha mguu. Nikageuka, nikarudi kwa kukanyaga nyayo zangu zile zile nilizojia, nikafunga kitambaa kwenye mti. Pruitt nilimpigia simu ya Ambrose, ndiyo, niliongea na kisima. Akasema hata wao hawaingii mle. Akasema, "Ahsante kwa kuiacha, babu." Nikakata simu. Sikutaka ahsante ya mtu.

Tangu siku hiyo sijamwambia mtu kijijini. Nimeona aibu. Bahati yangu imeisha, na dada yangu ataagwa kwa samaki wa kuomba. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Titus


Petersburg
Oktoba 14, 1993

Mjomba wangu, shikamoo, na salamu nyingine zisubiri.

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimeketi, kisha nimeisoma tena. Ahsante kwa kuurudisha ule mguu. Umesikia? Nyama ya karamu ya mama, kama ingeletwa kutoka mle, ningewekewa mbele yangu isingeshuka kooni. Na kama ungebaki mle, nani angesimama kumwimbia mama? Mama alikuwa na kaka mmoja tu. Angekuchapa kwa kijiti cha kukaangia mikate, unamjua.

Yule mnyama alijitoa na ulimshukuru. Kwamba hukumfikia, kosa ni la chuma, na wewe hukukitupa kile chuma mle.

Lakini jambo moja siwezi kukunyamazia. Gideon na wenzake huwinda wapi Oktoba? Si kinamasi hicho hicho? Waambie, Mjomba. Taja kila kitu kwa jina lake. Bibi atatusamehe wote wawili.

Nafika tarehe ishirini na saba kwa ndege ya barua. Nakuja na uzi wa wavu.

Arleta


Kijijini
Oktoba 20, 1993

Mpwa wangu mpenzi,

Barua hii labda mtapishana njiani, lakini siwezi kukaa nayo.

Barua yako ilipofika nilikwenda ukumbini siku ile ile. Gideon na wanawe walikuwa wanapakia boti. Nikasimama mbele ya watu nikasema yote: bomu nililoligongea vigingi, kamba mkononi (Bessie alitikisa kichwa kwa furaha), dume, mabango, mguu. Nikachora mikia ya mapezi kwenye ubao wa bingo. Nikawaambia ukikiona, simama, usikiguse, rudi ulikopita, sema. Wazee wawili walitoka nje nilipolitaja. Wakarudi baadaye, wakauliza kuhusu vyuma walivyo navyo mabandani kwao. Arleta, Pruitt amekuja mara mbili tangu hapo. Kimoja kilikuwa kinashikilia mlango wa kanisa.

Gideon alisikiliza mpaka mwisho. Alipakua boti yake, akaipakia upya, akaenda juu ya mto badala ya ng'ambo. Jana jioni amerudi. Amesimama mlangoni kwangu na paja begani, damu mpaka kwenye soksi, boti imejaa. "Nilikuwa naenda kwenye kinamasi chako," akasema. "Mimi na wanangu wote. Hii ni ya Hannah." Nikamwambia wewe ni mgeni wa karamu, mtani wangu, hairuhusiwi uje na nyama. Akasema, "Basi idai kama fidia ya kucheka choo changu. Pokea, mikono inauma."

Nimepokea. Nimelia mbele ya Gideon, na atanikumbusha mpaka nife. Nitakufa mzee, basi anikumbushe.

Njoo salama.

Mjomba wako


Kijijini
Novemba 30, 1993

Mpwa wangu Arleta,

Salamu nyingi. Tangu uondoke nyumba imepoa. Mto umeganda, na wavu ule tuliofuma kwa uzi wako uko chini ya barafu sasa hivi. Nanga zake ni mawe. Bessie aliyakagua moja moja.

Watu bado wanaisimulia karamu. Supu ya kichwa wanaisifu, na Sajini Pruitt wanamsifu zaidi, alivyocheza ngoma kama anakanyaga makaa. Alipopewa blanketi alidhani ameazimwa, akataka kulirudisha asubuhi. Bessie akamfukuza nalo. Na ulipouimba wimbo wa mama yako nikasikia sauti yake mle ndani. Sikukwambia siku ile, nakwambia sasa.

Jambo la barua hii ni deni. Barua ile ya Julai, ile ya Ketchikan, naitembeza kwenye mfuko wa shati. Naishukuru kila siku. Lakini nimeisoma tena na tena, na haina salamu hata moja. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuandika barua! Hukuuliza habari za goti, wala mbwa, wala mvua. Nazidai, Arleta. Zote. Na riba.

Mjomba wako,
Titus


Juneau
Desemba 12, 1993

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, ya Julai. Hujambo? Umeamkaje? Umekunywa chai, na ilikuwa na maziwa? Meno yako je, na lile moja? Mikono yako haijambo? Yote miwili? Vidole vyote? Miguu je, ule wa kulia na ule uliouinua? Macho bado yanaona mbali? Unakohoa? Unakoroma? Mkaza mjomba Bessie shikamoo. Goti linaendeleaje, na bingo inasemaje? Mbwa hawajambo, kila mmoja kwa jina lake? Ambrose hajambo? Watoto wake hawajambo, wale wanaooga pale ufukweni, wamekua? Gideon hajambo na wanawe wote, na choo kipya? Sajini Pruitt ameanza kunyoa? Mto haujambo? Samaki wanaingia? Mawe yametulia?

Mimi sijambo. Delbert anawasalimu.

Sina jambo lingine, Mjomba. Barua ni hii tu. Nijibu salamu zangu, moja moja, kwa mkono wako mwenyewe.

Mpwa wako,
Arleta